Malaika wa Dari Yetu

Jumanne, Jeppestown

Na hakuna hata mmoja wa wale watalii aliyetusalimu. Walisimama mlangoni kwangu wakiipiga picha dari, basi.

Kiongozi wao alieleza kwamba jumba lilijengwa na bwana mkubwa wa Kiingereza, tajiri wa dhahabu. Marumaru ya ngazi ililetwa kwa meli. Chumba changu na cha jirani yangu Mama Furaha vilikuwa ukumbi mmoja wa dansi. Bwana mwenyewe hakukaa sana, akarudi kwao. Mimi nimeshona nguo humu miaka mingi kuliko aliyoishi yeye.

Ukuta wetu wa mbao unamkata malaika wa plasta katikati. Uso uko kwangu, mabawa yako kwa Mama Furaha. Kila Bonane, Mwaka Mpya, tunapanda juu ya meza kumpangusa masizi, kila mtu upande wake.

Watalii walipoondoka, mwenye nyumba, aliyekuja nao, akaugonga ukuta. "Mbao hizi zitatoka. Ukumbi urudi kama zamani."

"Na sisi, bosi?" Mama Furaha akauliza.

"Eish, mama, tutaongea."

Mbao zikitoka, malaika atakuwa mzima. Sisi tunaompangusa ndio hatutakuwepo.