Gari la Mama, Mama Halipandi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, mezani pa cherehani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea kwanza salamu za dada yako, nyingi na za moyoni, maana nikishazitoa hizi sina hakika maneno matamu yatabaki mangapi. Hujambo? Shemeji hajambo? Na mapacha, meno ya mbele yameshaota au bado wanacheka kama vizee? Mimi sijambo. Mgongo unauma kwa kuinamia cherehani, lakini huo tumeshazoeana.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu huambiliki. Nikitaja gari tu unacheka, unasema "dada nawe," halafu ghafla mtandao unakuwa mbaya. Karatasi haina mtandao. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Habari za Mama utazipata, ila itabidi nianze na gari, kwa sababu siku hizi nyumba hii kila kitu kinaanza na gari.

Unakumbuka lilivyofika. Lilikuwa gari la heshima zake, limeinuka kiasi, lina kikanyagio kila upande. Ulisema wewe mwenyewe, "Hili ni la Mama, asihangaike na goti lake." Mama alilia. Nami nililia, nikasingizia vumbi. Alikanyaga kile kikanyagio, akashika mlango, akajipandisha bila kushikwa na mtu, akafunga mkanda na kuuliza tunakwenda wapi. Alipoanza mazoezi baada ya upasuaji wa goti alikuwa akienda kliniki hivyo hivyo, Jumanne na Ijumaa, amejipaka poda.

Kisha funguo akapewa kitindamimba wetu. Siku hizi haitwi kwa jina lake. Mtaa mzima unamwita Kamanda, naye anaitika bila haya.

Kamanda, ambaye kazi yake ni kuuza makava ya simu, na ambaye akiona mjusi bafuni anaita watu, ameamua kuwa mpita misitu. Kwanza lilikuja lile lichuma la mbele, ngao, ambalo sijui linatukinga na nini, labda mbuzi wa jirani. Ndani ya ngao kuna winchi yenye waya wa chuma wa kujivutia ukikwama matopeni. Nimemuuliza matope yako wapi. Toka hapa hadi kliniki ni lami tupu na tuta moja mbele ya shule. Akanijibu, "Dada, huwezi kujua." Kweli sijui. Nimeishi mtaa huu miaka arobaini na sijui matope yamejificha wapi.

Baada ya hapo ubavuni likapandishwa bomba jeusi hadi usawa wa paa, eti injini ipate hewa gari likivuka mto. Mto! Maji mengi kuliko yote ambayo gari hili limewahi kukutana nayo ni yale ya kwa muosha magari, na huko linapelekwa kila Jumamosi. Kila asubuhi Kamanda analifuta vumbi kwa kitambaa laini, kisha anapandisha tairi moja juu ya rundo la kokoto alizoziweka uani kwa kazi hiyo, anarudi nyuma, anapiga picha. Kokoto zile tulizinunua tuzibe shimo la karo. Shimo lipo, gari liko juu ya kokoto linaigiza mlima. Naona picha hizo zinakufikia, na najua unazipenda, maana kila ukizipenda tunatangaziwa.

Juu ya paa kuna keria, na juu ya keria kuna hema la kulala watu wawili. Taa ziko sita. Siku ya kwanza kuziwasha, jirani mchomeleaji alitoka na miwani yake ya kazini. Kamanda aliniletea hata kitambaa chenye mabakamabaka kama cha askari nimshonee foronya za viti. Nilimuuliza viti vinafichwa nani asivione. Akaninunia siku mbili, nami nikazipokea siku hizo kama likizo.

Wahenga hawakukosea, mchagua jembe si mkulima. Huyu amechagua majembe yote dukani na hana hata tuta la mchicha.

Hayo yote ningeyameza. Gari lenye mapambo ni gari tu, na mtu mzima akitaka kuwa kichekesho cha mtaa simzuii. Lakini mwezi uliopita alilipeleka kwa fundi likanyanyuliwa. Springi ndefu, tairi kubwa kupita zile za mwanzo, na vile vikanyagio viwili vya pembeni vikang'olewa kwa sababu, nanukuu, vinakwaruza mawe. Mawe ni yale ya uani.

Mimi ni fundi wa nguo, sibishani na mtu kabla sijapima. Nilichukua futi yangu nikapima kutoka chini hadi sakafu ya mlango anaopandia Mama. Inchi ishirini na saba. Kisha nikaingia ndani, nikamwomba Mama ashike meza na kuinua mguu, nikapanga vitabu chini yake kimoja kimoja mpaka akashindwa. Inchi kumi na moja. Namba hizo mbili nilimpelekea Kamanda nikiwa nimeziandika kwa chaki kwenye kipande cha kaniki. Alizitazama, akasema, "Tutamsaidia kupanda."

Sasa nikueleze walivyomsaidia, kwa kuwa picha ya siku hiyo hukutumiwa.

Ilikuwa Ijumaa. Kamanda alimshika kwapa, mchomeleaji akamshika kiuno, wakahesabu moja, mbili, tatu, kama watu wanaopakia kabati. Gauni likapanda, bandeji ikaonekana, na paja juu ya bandeji, na watoto wa shule walikuwa wanapita. Mama alipokwisha kuketi alivuta gauni lake, akalinyoosha, akalinyoosha tena, na njia nzima alikuwa analinyoosha.

Tukafika kliniki. Unalijua lile geti, juu lina boriti ya chuma, ndani ndipo wagonjwa wanaposhukia kwenye kivuli na viti vya magurudumu viko tayari. Mlinzi akasimama mbele yetu, akatazama hema.

"Kaka, hili halipiti."

"Hili limetengenezwa kupita popote," Kamanda akamwambia.

"Popote sawa. Hapa halipiti."

Basi gari linalovuka mito likashindwa na geti la kliniki. Ikabidi Mama ashukie barabarani, na kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Alitazama chini, akatazama watu waliojaa pale nje. Wanaume wawili tusiowajua, watu wema tu, wakaja mikono mbele ili wamteremshe. Mama akarudisha mguu ndani.

Dada wa mazoezi, anayemkunjisha Mama goti pale kliniki, alitoka mwenyewe na kandambili zake, akasimama chini akiongea na Mama kwa juu kama anayeongea na mtu aliye ghorofani. Mama akamjulia hali, akamuuliza mtoto wake kama homa imepungua, akamwahidi atakuja wiki ijayo. Kisha akatuambia, "Turudi nyumbani, wanangu." Kamanda akageuza gari. Kiti cha magurudumu kilibaki pale getini.

Wiki ijayo hiyo imepita mara tatu. Mama hajatoka.

Usidhani nimekaa nikitazama. Muuza mikate wa mtaa wa pili ana kigari chake kidogo, kiko chini kabisa, unakikalia tu unaingia. Alikubali kwa moyo mmoja. Nikamwambia Mama ajiandae. Akaniuliza, "Nipande gari la mikate, na gari alilonitumia mwanangu liko uani? Akisikia atajisikiaje?" Nikamwambia basi tuchukue la kukodi. Jibu likawa lile lile. Mama haogopi kupanda gari, mdogo wangu. Anaogopa kukuvunja moyo wewe. Amekaa dirishani, mguu umenyooshwa juu ya stuli, anatazamana na zawadi yako kutwa nzima.

Dada wa mazoezi amekuja hapa mara moja, kwa hisani yake, baada ya kazi. Amelikamata goti akalikunja, likafika nusu ya lilipokuwa limefika mwanzo. Alinivuta kando akaniambia kwamba goti lililopasuliwa lina muda wake wa kujifunza kukunja, na muda huo ukipita litabaki hivyo hivyo, na fimbo itakuwa ya maisha. Amesema mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Niliirudia tarehe mbele yake ili nisije nikasema nilisikia vibaya.

Nikaenda kwa fundi. Nilikwenda nimejaa, nimepanga matusi yangu vizuri, kila moja mahali pake. Nikamkuta mzee mmoja mpole, yuko chini ya gari la mtu, miguu tu inaonekana. Alitoka, akafuta mikono, akanionyesha rafu. Springi na tairi za zamani zipo, na vikanyagio vyote viwili vipo, vimefungwa kwa gunia na kuandikwa namba ya gari. Alisema hatupi kitu, maana wengi wa hawa wanyanyuaji hurudi kushusha. Nikamuuliza kwa nini alikubali kazi ya namna ile kwenye gari la mgonjwa.

"Mgonjwa gani?" akaniuliza. "Kila gari ninalonyanyua nauliza kwanza linapandwa na nani. Kijana aliniambia, mimi na kaka yangu akija likizo."

Matusi yangu nilirudi nayo yote nyumbani, nikayashusha juu ya Kamanda. Alijitetea kama kawaida yake, akitweta, akatoa simu. "Mimi natumwa tu! Soma mwenyewe kaka alivyosema!"

Nikasoma. Kumbe springi ulizituma wewe, kwenye lile boksi tulilodhani ni nguo. Kumbe na hema ni wewe. Na alipokutumia picha baada ya kunyanyua mara ya kwanza, ulimwandikia hivi, nami nimeyanakili neno kwa neno: "Linyanyue tena kidogo. Bado linaonekana gari la akina mama."

Lilitakiwa lionekane la nani, mdogo wangu?

Nilikuwa nimemwekea Kamanda dharau yangu yote, nikadhani imemtosha. Imebidi nimpunguzie nikugawie, na fungu lako ndilo kubwa. Yeye ni mjinga wa karibu, nikimfokea anasikia. Wewe uko mbali na kila mtu anakusifu. Hapa ukitajwa watu wanashusha sauti. Umempa Mama gari mbele ya mtaa mzima, kisha umelichukua kwa mlango wa nyuma, na umelichukua kwa namna ambayo bado anaendelea kukushukuru. Mwizi wa kawaida angelibeba tu, tungejua moja.

Nimeandika kwa hasira na sifuti. Ukiona wino umepita upande wa pili wa karatasi, ujue ni mkono wangu, kalamu haina kosa.

Ninachotaka ni vitu viwili. Kadi ya gari ina jina lako, na fundi, kwa uaminifu wake, hataki kulifungua bila kauli yako. Mpigie. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mwambie arudishe springi, tairi na vikanyagio, na hema alishushe. Amesema ni kazi ya siku moja. Taa na bomba mwachie Kamanda, avuke navyo mito yake.

La pili ni gumu zaidi kwako. Mpigie Mama, na usimuulize gari linaendeleaje. Mwambie kwa mdomo wako kwamba akipanda gari la mikate, au la kukodi, au mkokoteni, hutaumia. Nimeshamwambia mimi, haamini. Anakujua wewe kuliko anavyonijua mimi, au anadhani hivyo.

Nilipofika hapa Mama ameamka kutoka kwenye usingizi wake wa mchana. Ameniuliza namwandikia nani, nikamwambia ni wewe. Akatabasamu, akasema nikusalimie sana, nisikuchoshe na habari za goti, una kazi nyingi. Ameagiza nikuandikie kwamba gari ni zuri mno, halina mfano mtaani, na kwamba analipanda vizuri. Amesimama hapa akishika meza mpaka nilipomaliza kuyaandika, kisha akaniomba nimsomee.

Nimemsomea hayo tu.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha, uwaambie shangazi yao anawashonea suruali, wanitumie vipimo. Shangazi yetu wa kwenye duka la nafaka anakusalimu, na mchomeleaji pia, na dada wa mazoezi, ambaye hakujui ila anasubiri. Kamanda naye anakusalimu, yuko uani anapiga picha. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi mzuri, lakini si kabla hujapiga hizo simu mbili.

Ni mimi nikupendaye hata leo,

Dada yako mkubwa.