Mama, Kengele ya Hatari Tumeipeleka Juu

Mama yangu, shikamoo huko uliko.

Najua utauliza kwanza kama njegere zimekubali mwaka huu, maana salamu zako zilianzia shambani ndipo zikafika kwa watu. Zimekubali. Karoti za Mjomba Gaspari ndizo zilizokuwa nene kuliko za wote, na hakutuachia nafasi ya kulisahau hilo, alitukumbusha mpaka dereva wa lori akawasha gari na kuondoka zake kwenda Dar. Kaka yako ni yule yule.

Lakini sikukuandikia habari za karoti. Masika hii mlima umeshuka tena, pale pale ulipokuchukua wewe. Nataka uisikie habari hiyo kutoka kwangu, mwanzo hadi mwisho, na safari hii usinikatize kama ulivyozoea.

Lazima nianzie kwako. Mama, ulikuwa mtu wa misiba. Sikusemi vibaya, Mgeta nzima inajua. Kengele ya kanisa la kigango chetu ikilia Jumapili, ulikuwa unajifunga kitenge taratibu, unatafuta rozari, unanituma nikuchotee maji, na misa tunaikuta katikati. Lakini ikilia nje ya wakati wake, maana yake mtu amefariki, na hapo hakuna aliyekuwahi. Ulichota unga, ukaufunga kwenye kanga, ukajitwika kuni, ukashuka. Kanisa liko chini kabisa, kando ya kijito, kwa sababu milimani kwetu hapo ndipo palipopatikana uwanja wa tambarare. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini tusiulize kwanza ni msiba wa nani. Ukanijibu bila kugeuka: "Chukua unga kwanza. Aliyefariki tutamjua huko huko."

Njiani ulikuwa unabahatisha ni nani. Unakumbuka siku uliyomlilia yule mzee wa mapeasi? Ulimlilia njia nzima, ukataja wema wake wote, na tulipofika kwenye kona tukamkuta naye anashuka na kuni zake begani. Ulimsalimia vizuri tu, halafu ukasema basi atakuwa ni mwingine. Nilicheka mpaka ukanifinya.

Ndivyo tulivyokuwa sote, kila nyumba, na ndiyo maana siku ile ilikwenda kama ilivyokwenda. Mvua ilikuwa haijakatika. Mimi nilikuwa kwenye shamba lako la juu, lile la mgongoni mwa kilima ulilopewa na bibi, napalilia njegere kwa ukaidi. Katekista Leopold alikuwa kanisani, na aliona maji ya kijito yanapungua wakati mvua inazidi. Alielewa kwamba udongo umeporomoka huko juu na kuziba njia ya maji, na kwamba ukiachia utakuja wote kwa pamoja. Akashika kamba, akaipiga kengele kwa nguvu zake zote ili watu wa bondeni wakimbie.

Watu walifanya tulichofanya siku zote. Kutoka kule juu, ambako ukaidi wangu wa kupalilia ulinibakiza, niliona kanga zinashuka kwenye vijia, kutoka kila upande, na kuni vichwani. Leopold alipunga mikono akipiga kelele watu warudi, lakini mvua iliimeza sauti yake, na waliomwona walikaza mwendo, wakaamini kwamba kwa katekista kuchanganyikiwa vile, basi aliyefariki ni mtu mkubwa.

Wewe ulikuwa miongoni mwa wa kwanza. Mama Petro, jirani yetu, alitoka kwenye tope lile na mkono uliovunjika, ndiye aliyenisimulia. Alisema tope la kwanza liliwakuta uwanjani, likamvunja mkono, lakini mlivuka naye hadi kwenye ukingo wa juu, mkaokoka. Hapo ukauliza kama kuna aliyeniona. Hakuna aliyeniona. Ukaamini kwamba nimefuata kengele kama watu wote, kwamba niko pale uwanjani. Ukarudi kunitafuta, mama, na mimi nilikuwa juu.

Nilikaa na hasira muda mrefu. Niliikasirikia kengele, niliukasirikia mlima, niliukasirikia hata unga. Wapo waliomkasirikia Leopold, mpaka akawa hapiti tena barabarani mchana. Hilo sikulikubali. Nilikwenda kwake, nikapiga hodi, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba walioishi kandokando ya kijito, waliokuwa karibu naye wakamsikia, wako hai kwa sababu ya kengele ile, na asiyelijua hilo aje aniulize mimi niliyefiwa. Tangu siku hiyo alianza kutoka nje.

Misaada ilikuja, tunashukuru, mablanketi na mafuta ya kula. Lakini nililiona jambo moja lililonikera kuliko yote: hakuna aliyejua nani hayupo. Vijana walichimba mahali ambapo hapakuwa na mtu, huku wengine wakimlilia mama mmoja aliyekuwa kwa dada yake huko Mzinga, anakunywa chai. Tulipoundiwa kamati ya maafa ya kijiji, niliomba niwemo. Sikusubiri kupendekezwa. Wewe usingesubiri.

Walitupeleka semina Morogoro mjini, kwenye ukumbi mmoja pale Mwembesongo, joto la kufa mtu. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo aliyewahi kusomea mambo haya katika nchi za matetemeko. Alitueleza kwamba huko pwani, ardhi ikitikisika kwa nguvu, bahari inaweza kuwafuata watu mpaka majumbani, na kwamba watu wengi huwa hawafi kwa kukosa mbio. Wanakufa kwa kurudi. Baba anarudi kumchukua bibi, mama anarudi kumtafuta mtoto, na mtoto kumbe alishapanda mlimani zamani. Kwa hiyo wenzetu wanawafundisha watoto wao kila mtu apande kivyake, bila kumsubiri yeyote, na familia inakubaliana mapema mahali pa kukutana.

Wenzangu waliguna. Nilinyoosha mkono nikamuuliza, je, mama asiyejua mwanawe alipo, na yeye apande tu? Alinitazama kama anayejua ninachouliza. Akasema: "Apande. Mtoto akifika juu amkute mama yake."

Mama, nilitoka nje ya ukumbi nikalia. Kisha nikanawa uso, nikarudi kukaa, nikasikiliza mpaka mwisho, maana niliona kitu cha kufanya.

Mkutano wa kijiji ulikuwa mrefu. Kila mtu alikubali kwamba kengele ya kanisa isitumike tena kwa hatari, lakini itumike nini? Mmoja alitaka ngoma, akajibiwa kwamba ngoma ikilia watu watakuja kuitazama. Mwingine alitaka honi ya lori, akajibiwa kwamba watu watateremka barabarani na matenga ya kabichi. Simu zikatajwa, lakini wote tunajua mtandao wa kwetu ukiona mawingu tu unaondoka. Nilikuwa nasikiliza nikagundua kwamba tunazunguka jambo moja. Kila sauti tuliyonayo inaita. Watu wetu wakisikia kitu, wanakifuata. Nikasimama nikasema basi tusihangaike kuwabadilisha. Tuipeleke sauti mahali tunapotaka wakimbilie.

Leopold, aliyekuwa ameketi nyuma tangu asubuhi, akasema hilo ndilo.

Kazi ikawa ni wapi. Mahali pa juu palipo imara na pa kutosha watu wote ni mahali pamoja tu, mgongo ule wa kilima, na pale ni shamba lako. Mjomba Gaspari alikataa. Alisema ardhi ya ukoo ni ya kulimwa, haiwezi kuachwa iwe uwanja wa kusimamia watu. Nilimpa heshima yake, nikamwambia shikamoo mara ya pili, halafu nikamkumbusha kwamba shamba lile lilitoka kwa bibi likaja kwako, likatoka kwako likaja kwangu, na jembe ni langu. Aliondoka amenuna. Kesho yake nilimkuta juu na panga lake, anafyeka upande ambao hatutaulima tena, ananilalamikia kwamba nimechelewa kufika.

Kwa hiyo pale ulipopandia njegere sasa kuna nguzo na ringi kuukuu ya lori, kama ile inayogongwa shuleni. Wakati wa masika tunapeana zamu ya kukitazama kijito. Maji yakipungua huku mvua inanyesha, anayetazama anapuliza filimbi, na mwenzake wa juu anagonga. Mabalozi wa nyumba kumi kumi ndio wanaoita majina watu wakifika. Wanaume wa kamati walitaka kupiga marufuku unga, eti utawachelewesha wanawake. Wanawake walicheka. Mama Petro alisema yeye akisikia kengele mkono unakwenda kwenye unga wenyewe, hata azuiwe na nani. Nikasema waachwe. Waje nao. Watu wakishinda juu kwenye baridi watahitaji uji, na ndoo ya unga iwe karibu na mlango, wasiutafute. Tulipofanya mazoezi mara ya kwanza tulikunywa uji mwingi kuliko tulivyojifunza, lakini mara ya pili tulipanda vizuri.

Nyumbani nilimfundisha Tekla, mjukuu wako aliyezaliwa baada yako, ambaye ana shingo yako na mdomo wako pia. Nilimwambia ringi ikilia, apande. Asinisubiri, asinitafute, nami sitamtafuta. Akaniuliza, na nikichelewa je? Nikamwambia nitachelewa nikiwa napanda. Aliinua mabega kama kitu rahisi. Usiku nilijiuliza kama mimi mwenyewe nitaweza.

Sasa sikiliza ya masika hii. Ilikuwa asubuhi, niko barabarani napakia kabichi. Tekla alikuwa kijitoni na wenzake, wanaosha karoti. Ringi ikalia kule juu.

Pale barabarani pana njia mbili, moja ya kijitoni na moja ya kupanda. Mama, miguu yangu ilikuwa imeshageukia kijitoni. Nilikuelewa siku ile kuliko siku zote, nikajua usingeweza kufanya vingine, maana hakuna aliyekuwa amekuambia kitu. Mimi nilikuwa nimeambiwa. Nikageuka nikapanda. Nilipanda nalia kwa sauti na sikumwonea haya mtu yeyote.

Juu nilikuta watu, na wengine wanazidi kufika kutoka kila kijia, wanawake na kanga zao za unga. Mama Petro alikuwa ameshapanga mafiga chini ya turubai. Balozi alianza kuita majina. Alipofika nyumbani kwetu niliitikia langu. Akaita Tekla, kimya. Akaita tena. Mjomba Gaspari alikuja akasimama kando yangu, akashika ncha ya kanga yangu, na hakuiachia.

Kisha tukasikia mlima. Tope lilipita bondeni kwa kishindo kama malori mengi yanayoshuka pamoja, likaujaza uwanja wa kanisa, likapanda mpaka kwenye madirisha. Uwanjani hapakuwa na mtu hata mmoja. Watu walianza kumshukuru Mungu, na mimi nilikuwa naangalia kijia tu.

Walitokea upande mwingine, kwenye matuta ya viazi ya Mjomba, maana ukingo waliokuwa wameoshea karoti ni ule wa pili, na walikuwa wamefundishwa wasivuke. Walizunguka. Tekla alikuwa mbele, tope hadi magotini, amembebea mwenzake tenga. Alinijia moja kwa moja, akaketi miguuni pangu anahema.

"Nilijua uko huku," akasema. "Wala sikukutafuta."

Sijawahi kufurahishwa na neno kama hilo maishani mwangu. Nilimkumbatia hadi akalalamika. Balozi akatia alama kwenye jina lake, akaendelea, na majina yote ya kijiji yakaitikiwa mpaka la mwisho.

Tumeshaanza kuitwa na vijiji vya jirani, na mwezi ujao nitasimama mbele ya watu kule Mwembesongo, safari hii nikiwa mwalimu. Sitawaambia wanunue ringi. Nitawaambia wachunguze kwanza watu wao wakisikia hatari huwa wanakimbilia wapi, na wanarudi kumfuata nani, halafu waanzie hapo. Nalijua jambo hili vizuri, na nitalisema bila kutetemeka.

Kanisa tumelisafisha, misa inaendelea. Nimeweka maua kwako, meupe, yale uliyokuwa unasema ni ya maharusi. Pumzika sasa, mama. Usinitafute tena, nilishafika juu.

Mwanao Paskalia,
ambaye siku hizi anaitwa Mama Tekla