Friji Ndogo ya Wifi Eveline

Iringa,
12 Juni 2024

Kamwene wifi Leokadia,

Salamu nyingi kutoka huku Iringa. Natumaini wewe na wanangu Anjela na Mathew hamjambo. Sisi tu wazima, isipokuwa mama magoti yanamsumbua, na baridi ya mwaka huu haina adabu.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Barua hii nimempa kondakta wa basi kwa sababu namba yangu uliiblock tangu ule mwaka wa msiba. Sikulaumu. Miaka minne imepita, kaka Liberatus amepumzika, na sisi tuliobaki ni ndugu, tutake tusitake.

Wifi, nina shida. Lile Land Cruiser nimeliingiza kwenye biashara ya kupeleka watu Ruaha, wanalala kwenye mahema karibu na Idodi. Mwezi wa kumi wakala mmoja wa Dar ananiletea watu wanane kwa siku tatu. Wakirudi wameridhika, makundi yote ya mwakani ni yangu. Ila wanataka nyama mbichi, maziwa na vinywaji vya baridi, na mimi hadi sasa nabeba ndoo ya barafu ambayo hata Idodi sijafika imeshakuwa maji.

Nasikia dukani kwa kaka yako Sedekia mnauza friji ndogo za kwenye gari, na kwamba siku hizi fundi ni wewe mwenyewe. Mfuko wangu ni laki tatu, zaidi ya hapo siwezi. Nichagulie iliyo nzuri. Nakuamini.

Mimi wifi yako,
Eveline


Mbeya,
20 Juni 2024

Kwako wifi Eveline,

Salamu zimefika. Sisi hatujambo. Mpe mama pole ya magoti.

Watoto wanakukumbuka. Anjela hasa anaikumbuka siku ya kuanua tanga pale Kalenga, ulipoingiza mkono kwenye pochi yangu mbele ya kikao cha ukoo, ukatoa funguo, ukasema, "Huyu amekuja na begi, aondoke na begi. Gari ni la ukoo." Alikuwa na miaka minne, na maneno yale anayajua yote. Nami nayajua.

Tuje kwenye friji. Za gari ziko za aina mbili. Ya kompresa ni nzito kama gunia la viazi, na hata iliyotumika, inayotoka Tunduma, haipungui laki nane. Ya feni ni nyepesi, haina gesi, haipigi kelele, unaichomeka pale pa kuwashia sigara, na inauzwa laki mbili na themanini. Tofauti nyingine nitakueleza ukifika. Usinunue kwa maneno yangu, njoo uijaribu kwa mikono yako.

Nami nina ombi moja. Nyuma ya kiti cha dereva kuna koti la Liberatus, lile la kahawia alilokuwa akiendea shambani. Gari sikuombi. Niletee koti, Mathew apate kitu cha baba yake. Alikuwa tumboni baba yake alipokufa.

Wifi yako,
Leokadia


Iringa,
15 Julai 2024

Kamwene wifi,

Nimefika salama, na naandika nikiwa bado na furaha. Hamjambo huko kwenye jokofu lenu? Mimi nilijua Iringa ndiyo ina baridi, kumbe sijafika Mbeya mwezi wa saba. Watu wamebeba majiko ya mkaa mpaka milangoni mwa maduka!

Friji nimeipenda mno. Uliniona mwenyewe: niliweka soda asubuhi, nikaenda sokoni Mwanjelwa, nikarudi saa sita, nikainywa mpaka meno yakauma. Kwa laki mbili na themanini! Yule wa Iringa mjini aliyekuwa anataka kuniuzia ya kompresa kwa laki tisa ni mwizi. Ulianza kunieleza habari za feni na joto nikakukatiza, unisamehe, basi lilikuwa linaondoka, na Sedekia alikuwa ameshanifungia mzigo. Mambo ya kitaalamu hayo nawaachia nyie mafundi.

Kuhusu koti, wifi, usinichekeshe. Lile tambara? Gerson dereva amelikata vipande zamani, anafutia oili. Nilimwuliza, akasema kimebaki kipande cha mkono. Nikipata koti zuri la mtumba hapa nitamtumia Mathew.

Gari nimelipaka rangi upya, ya kijani. Ungelipenda.

Wifi yako,
Eveline


Mbeya,
24 Julai 2024

Wifi Eveline,

Habari za huko. Huku wazima.

Nimepokea barua yako. Koti la mtumba usijisumbue.

Ushauri wangu wa mwisho wa kifundi: siku ya safari usibebe ndoo ya barafu kabisa. Wageni wa Dar wakiona ndoo watajua bado unabahatisha. Jaza friji nyama yote, kuku, maziwa, funga kifuniko, chomeka, nenda. Iamini kama ulivyoiamini hapa.

Wifi yako,
Leokadia


Iringa,
19 Oktoba 2024

Leokadia,

Sikusalimii.

Umeniuzia kitu gani? Tulitoka Iringa alfajiri, friji imejaa, taa yake inawaka, feni inazunguka vizuri kabisa. Idodi tumefika jua linapasua kichwa, nikagusa pembeni, nikaona pana joto, nikasema labda ni jua. Siku ya pili Gerson akafungua tena kifuniko. Wageni wote wanane walikuwa wamekaa pale wanasubiri mishikaki, na wote wanane waliinuka kwa pamoja. Maziwa yamekatika. Nyama imebadilika rangi. Mama mmoja akatapika kwa harufu tu. Wawili walikuwa wamekula kuku tuliyemtoa humo jana yake, wakaumwa tumbo mpaka zahanati.

Tena ikala betri! Siku ya kuondoka gari haliwaki. Wasukuma wanaopita na ng'ombe wao ndio waliotusukuma, wanawake wa Dar wamesimama kando wanatupiga picha. Njiani friji ikaanguka, maji ya ile nyama yakamwagika chini ya viti, yakaingia kwenye zulia. Wakala hapokei simu zangu. Wenye kambi wote wa Idodi wana zile picha.

Nimeirudisha friji nyumbani, nimeiweka ukumbini asubuhi na baridi yake. Inagandisha! Niambie umeifanyia nini. Umeiloga?

Eveline


Mbeya,
27 Oktoba 2024

Kwako wifi,

Mimi nakusalimu. Habari za nyumbani? Mama hajambo? Magoti je?

Sijailoga. Friji ni nzima. Soma ile karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, ukurasa wa pili. Imeandikwa kwamba friji ya feni inashusha joto nyuzi kumi na nane tu chini ya hali ya hewa ya nje, basi. Uliijaribu Mbeya, mwezi wa saba, siku ambayo dukani kwetu nyuzi hazikufika kumi na sita. Hata sanduku tupu lingekupozea soda. Ruaha mwezi wa kumi ni nyuzi thelathini na saba, na ndani ya gari lililofungwa ni zaidi. Toa kumi na nane. Hiyo si friji, hicho ni chumba cha kuvundikia ndizi.

Wote wa kwetu huku juu tunakosea hivyo hivyo, tunapimia baridi yetu kisha tunashuka bondeni. Sedekia mwenyewe alikosea mwaka wa kwanza. Mimi sikukosea. Nilijua.

Na nikuambie yote. Ulipoondoka na mzigo dhamiri ilinisuta. Niliandika barua ya kurasa mbili kwamba uirudishe, nikupe ya kompresa iliyotumika, umalizie kidogo kidogo. Nikaifunga kwenye bahasha. Kesho yake yako ikaja, ile ya koti na oili. Yangu nikaichana, nikakuandikia ile ya ndoo ya barafu.

Wale wawili walioumwa tumbo nimewaombea misa. Wewe sikukuombea.

Leokadia, aliyekuja na begi


Kalenga,
16 Januari 2025

Kamwene wifi,

Heri ya mwaka mpya. Ni matumaini yangu kuwa watoto wamefungua shule salama. Huku mama ameanza kutembea kwa fimbo.

Sina nguvu za kugombana. Biashara imekufa, hakuna wa kunipa hata mgeni mmoja. Gari nimelipaki huku kwa mama, nimelifunga tangu mwezi wa kumi kwa sababu sitaki kuliona. Amepatikana mnunuzi, bwana Shigela, anasomba nyanya Ilula. Ila kadi bado ina jina la Liberatus, na mwanasheria wake anasema bila saini ya mjane hapeleki hela.

Naomba usaini, wifi. Tutagawana nusu kwa nusu. Nimeandika hii nikiwa nimekaa chini, sakafuni.

Wifi yako,
Eveline


Mbeya,
25 Januari 2025

Wifi,

Tumeshukuru Mungu kwa mama. Heri ya mwaka mpya nawe.

Sisaini. Sitaki nusu.

Itisha kikao cha ukoo. Wawepo wale wale, mkae pale pale uani. Usimame wewe, useme kwa mdomo wako kwamba gari halikuwa la ukoo, ni la watoto wa Liberatus, na kwamba ulilichukua mikononi mwa mjane siku ya kuanua tanga. Katibu aandike muhtasari, wasaini wote, mama aweke dole gumba. Kisha uniletee gari, funguo zote mbili na karatasi hiyo.

Usipotaka, liache hapo liote majani.

Leokadia


Kalenga,
3 Machi 2025

Wifi Leokadia,

Salamu.

Kikao kimekaa Jumamosi. Watu ishirini na watatu, kama mwaka ule. Nilisimama nikasema kama ulivyotaka. Baba mdogo Zabron akaniambia nirudie kwa sauti, wa nyuma hawajasikia. Nikarudia. Mama alilia, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili ya mwanawe.

Nina miaka hamsini na mmoja na sikuwahi kuaibika hivyo. Sasa nadhani nimejua ulivyojisikia. Sisemi hivyo ili unionee huruma.

Gerson analileta kesho kutwa, amelijaza mafuta. Muhtasari uko kwenye dashibodi. Sikulisafisha ndani, niliposhika mlango nilishindwa.

Eveline


Mbeya,
30 Machi 2025

Kwako wifi Eveline,

Habari za siku, na mama anaendeleaje? Sisi huku afya tunazo.

Gari limefika. Muhtasari nimeusoma mara nyingi mpaka nimeukariri, na mara ya kwanza nilicheka peke yangu dukani mpaka Sedekia akaja kuangalia kuna nini. Sijutii kukuharibia biashara. Nakuambia hivyo wazi ili usidhani barua hii ni ya kuomba radhi. Ungekuwa umesimama tena mbele yangu na ile soda yako, ningekuuzia tena.

Sasa sikia lililonipata. Siku Gerson analileta, Anjela alikataa kwenda shule. Alivaa gauni la kanisani. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikimsimulia habari za gari la baba yake, jinsi alivyokuwa akimpakata kwenye usukani, jinsi mle ndani mlivyokuwa mnanukia kahawa mbichi na sabuni ya kipande, kwa sababu baba yake alikuwa akinawa mikono kabla ya kushika usukani. Unajua, wifi, wewe umekua naye. Mtoto alikuwa akiniambia anaikumbuka harufu hiyo. Sijui kama kweli aliikumbuka au ni mimi nilimjaza, lakini ilikuwa yake.

Nikamwambia afungue mlango yeye mwenyewe.

Miezi mitano limefungwa, wifi. Nyama ile ile. Mathew alikimbilia ndani ya nyumba. Anjela hakukimbia, aliingia akakaa kwenye kiti cha dereva, akaziba pua kwa gauni, akakaa hivyo hivyo muda mrefu, mimi nikiwa nimeshika mlango.

Nimeng'oa zulia nikalichoma. Nimesugua kwa sabuni ya unga, ndimu, magadi, mkaa. Nimeacha milango wazi wiki mbili. Harufu imeingia kwenye sponji za viti, haitoki. Mafundi wananiambia ni kuvua viti vyote nikanunue vingine, na viti hivyo ndivyo alivyokalia Liberatus. Niliyeiozesha nyama ile ni mimi, na hilo huwezi kunibebea wewe.

Jana jioni Anjela alikuwa akikausha vyombo. Akaniuliza, bila hata kuniangalia, "Mama, kwani baba alikuwa ananuka vile?"

Nikamwambia hapana. Akasema, "Sawa, mama," akaendelea na vyombo vyake, kama mtu anayemkubalia mwongo ili yaishe.

Mimi wifi yako,
Mama Anjela