Kiti cha Mama na Ile Mbao Nyeupe

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuacha. Kabla ya lolote, mwanao wa kwanza amekubali iandikwe wazi: siku ile ya kiti cha Mama, mjinga alikuwa yeye.

Mama alikuwa ametoka hospitali na nyonga mbovu, anahitaji kiti cha kuaminika. Ukamchagulia ile mbao nyeupe ya ng'ambo, ya kufanyia mipini ya nyundo, ngumu lakini hunepa bila kukatika. Mwanao akataka kukuonyesha kuwa naye ni fundi. Akachonga miguu peke yake, akaipiga msasa mpaka ikang'aa, asiangalie nyuzi za mbao zinaelekea wapi.

Ukaja umeng'ata penseli kama kawaida yako, ukapitisha kidole gumba kwenye mguu mmoja.

"Nyuzi zimetokea ubavuni. Huu utakatika."

"Baba, macho hayo yamechoka. Hiki kinabeba tembo."

"Tembo hatujamwalika. Kaa wewe."

Akakaa kwa madaha mbele ya wateja wawili waliokuwa karakanani kwako. Mguu ukalia kwaa, ukakatika, akajikuta sakafuni. Hukucheka, ingawa mabega yako yalikuwa yanatikisika. Ukamwinua, ukampangusa vumbi la mbao mgongoni, ukasema taratibu, "Angekuwa mama yako hapo."

Mwanao akaokota vipande vya mguu bila kuambiwa. Wanaomjua wanajua hilo halijatokea tena.

Ukampa kabari na nyundo. Mkaipasua mbao badala ya kuipiga msumeno, ili kila mguu ufuate uzi wake toka juu hadi chini. Siku tatu bega kwa bega, na hukumkumbusha lile anguko hata mara moja. Wengine tulimkumbusha kwa niaba yako.

Tunaukumbuka mluzi wako usiofuata wimbo wowote, na chai uliyoiacha ipoe kila siku juu ya meza ya kazi. Tunawakumbuka wagonjwa uliowachongea magongo ukiwatania mpaka wakasahau wamekuja kwa nini.

Hutoki mioyoni mwetu, sisi mkeo, wanao watatu, wakwe zako, dada yako na wajukuu. Juzi tulibishana kidogo. Mwanao wa kwanza alitaka kiti kile kifunikwe kitambaa, kiwekwe kona ya sebule, kisiguswe tena, kiwe ukumbusho wako. Mama alikuwa amekikalia, wala hakuinuka.

"Baba yako alipima kiuno changu," alisema. "Hakupima kona."