Samaki wa jicho moja

Elsa, uko?

Nimerudi Kasongo saa hii, kutoka kwa kilio ya shangazi kule Wamaza. Naingia tu, mbio kwenye akwariamu yangu. Samaki wote wanaogelea, sawa.

Lakini ule tuliyemuita Direktere, wa jicho moja? Leo ananiangalia na macho mawili.

Macho mawili, Elsa!

Namuuliza bwana yangu Aristote. Anakohoa kwanza. "Mama, samaki ni samaki."

Namukaza mpaka anasema yote: kumbe wangu walikufa wote! Alichomoa pompe ya hewa kwenye batri ya sola, akachajia watu wa kartie, mtaa muzima, telefone zao. Samaki wakakosa hewa. Akaenda kuvua wengine mtoni, akawatia mule, kama vile mimi ni kipofu.

Samaki ni samaki! Yeye, mutu aliyenisaidia kubandika vioo vya akwariamu na kupanga mawe!

Hata hatujamaliza, jirani anabisha mulango: "Papa Aristote, telefone yangu imejaa?"

Elsa, ngoja. Jenereta ya kartie yetu, ile tunachajiaka wote, iliharibika siku niliyoondoka. Wewe mwenyewe uliniandikia. Na kila nilipokuandikia, ulinijibu palepale.

Telefone yako ulikuwa unachajia wapi?