Tarehe ya Hukumu ya Kiwanda

Jumanne, 12 Februari

Kuramochi kaniita ofisini kwake. Kiti kipya — cha ngozi! Tulianza ujaji siku moja, miaka thelathini na moja iliyopita. Leo yeye ni mkuu wa mahakama yote ya mkoa. Mimi, tangu nitoe ile hukumu dhidi ya serikali, nazungushwa tu kwenye mahakama ndogo za matawi. Kila miaka mitatu: funga virago.

Kanimiminia chai kwa mkono wake. Nikajua kuna jambo.

"Uhamisho wa Aprili, dada Nagatani. Mahakama ya rufaa, Tokyo. Usimwambie mtu bado."

Tokyo! Moyo ulinidunda kama wa msichana, naye akaona. Namchukia kwa hilo.

Kisha, akitazama dirishani: ile kesi ya kiwanda cha karatasi, tarehe ya hukumu, 22 Machi, si karibu mno? Si tumwachie atakayekuja?

Hakuamuru. Kwetu hakuna anayemwamuru jaji. Unaulizwa tu kama si karibu mno. Anataka jibu Jumatatu. Nyoka.

Alhamisi, 14 Februari

Theluji. Wadai walikuwa arobaini na mmoja, maji ya kiwanda yamewala figo. Leo wakili wao kaleta taarifa: mzee Obuchi kafariki. Wa kumi na moja huyo. Nikihama bila kutoa hukumu, mrithi wangu ataanza kusoma faili upya. Miaka miwili, labda mitatu.

Nimemkasirikia hata marehemu. Angesubiri wiki tano tu!

Jumapili, 17 Februari

Mama kapiga simu. "Utakaa karibu lini, mwanangu? Au unasubiri kunizika?" Kutoka Tokyo hadi kwake ni nusu saa. Kuramochi analijua hilo, mbwa yule.

Jumatatu, 18 Februari

Nilimpigia Kuramochi nimejiandaa kumtolea uvivu. Nikasikia mdomo wangu ukisema: nashukuru, nimekubali. Na tarehe? Nitaisogeza, nikasema. Akacheka. "Sasa umekua."

Umekua! Nina miaka hamsini na minane!

Jumanne, 19 Februari

Nimewaita wenzangu wawili wa jopo. Nikasema faili ni nene, tunahitaji muda. Sekine kaitikia kwa kichwa, kama kawaida yake. Hino — miaka mitatu tu kazini, ndiye aliyeandika rasimu — katoka, karudi na hukumu nzima imeshapigwa chapa. Majina matatu mwishoni. Lake lina muhuri wake, ambao kwetu ndio sahihi. La Sekine pia! Sekine anatazama sakafu.

"Muda wa nini, Mheshimiwa? Tulikubaliana Desemba, wewe ukiwa wa kwanza."

Nikamwambia hajui watu wa namna yake hupelekwa wapi. Nikamtajia kila tawi nililokaa, na baridi yake, kwa ukali wote nilio nao.

"Najua. Ndiyo maana nilifurahi nilipopangiwa kwako."

Mjinga! Nimewafukuza wote wawili. Sekine katoka. Hino hatoki. Naandika haya amesimama mbele ya meza yangu, hukumu iko kati yetu, nafasi yangu bado nyeupe. Muhuri nimeutoa — sijui kwa nini nimeutoa.

Simu inalia. Kuramochi. Nimemwambia Hino apokee, aseme nina kazi.

Kaziba simu kwa kiganja. "Anauliza kazi gani, Mheshimiwa — nimwambieje?"