Sahani ya Bei Moja

Mama Jeanne wangu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi lako karibu na mlango, lakini sidhani kama nitakaa sana. Tangu tukuzike situlii. Nasimama, nafunua sufuria, naifunika tena, natoka barabarani kutazama kama watu wa viwanda vya Panda wanarudi kutoka kazini. Siku nyingi hakuna anayerudi, kwa sababu hakuna aliyekwenda.

Mgahawa wako uko wazi. Binti yetu Jeanne ndiye anayepika. Majani ya muhogo anayatwanga vizuri, sombe yake imekaribia yako. Bukari anaisonga bado laini mno, kama ugali wa mgonjwa, ila simwambii.

Acha nikueleze kinachonisumbua, na univumilie, unajua ninavyopenda kueleza. Wewe uliweka bei moja na sahani moja kwa kila mtu: bukari, sombe, kipande cha samaki, na mwisho tonge la matabishi, la nyongeza, lisilolipiwa. Mishahara ilipokatika, wanaume wakaanza kuja watatu kwa sahani moja. Wewe uliwacheka tu, ukawaongezea. Jeanne hacheki. Mshahara wa mume wake haujulikani utakuja lini, na watoto wanakula kutokana na sufuria hizi hizi. Siku moja alitupa mwiko mezani.

"Papa, miye nimechoka! Batu batatu, sahani moja, na kila mumoja analomba matabishi yake!"

Kalenga, yule fundi wa mitambo mwenye sauti kubwa, akamjibu huku akilamba vidole: "Mama, matabishi ni ya kinywa, haiko ya sahani. Siye tuko na vinywa tatu."

Nilicheka. Jeanne akanitazama mpaka nikainuka kufuta meza.

Unga unapanda bei asubuhi, na mchana unapanda tena. Kwa hiyo akataka kila kitu kiwe na bei yake: bukari peke yake, samaki peke yake, matabishi yalipiwe. Kila mtu alipie alichokula. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, sikuona kosa. Niliandika bei hizo ubaoni kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri.

Ungeuona mgahawa siku hiyo! Zamani mtu aliingia, akanawa, akaketi, na chakula kikamfuata. Sasa walisimama mbele ya ubao midomo ikihesabu kimyakimya. Mwenye nacho aliagiza samaki kwa sauti. Kalenga aliagiza bukari na chumvi, akageuza kiti, akala akitazama ukuta. Wenzake wawili walibaki nje. Walipokula watatu kwenye sahani moja walikula kama ndugu. Siku hiyo kila mmoja alikula umaskini wake, na wote tukauona.

Ndipo nikakumbuka nilipotaka kukuletea ubao mara ya kwanza, ukanifukuza jikoni: "Mwalimu, ubao yako uache kule ku masomo. Mutu iko na njaa, usimupe mutihani!" Nilidhani unanitania. Mama Jeanne, kwa nini hukunieleza? Au ulieleza, nami nilikuwa nikiongea.

Nikaufuta ubao. Jeanne alilia kwa hasira, akasema tutafunga. Hakukosea kuogopa. Tukabishana mpaka tukachoka, tukakubaliana hivi: sahani ibaki moja, bei ibaki moja. Bei inapangwa asubuhi kabla ya kuwasha moto, na haiguswi mpaka sufuria ziishe. Samaki mkubwa ametoka, tunaweka visamaki vikavu. Matabishi ni tonge moja kwa sahani. Kalenga amenung'unika kwamba Jeanne amefunga vinywa viwili, lakini amerudi, na wenzake pia.

Je, inatosha? Sijui. Kuna asubuhi tunapata faida kidogo, na kuna asubuhi tunapika ili tusikae bure. Moyo wangu unapanda na kushuka pamoja na unga. Jeanne ananiita sasa nikatafute makaa, nami nafurahi kupata sababu ya kutembea.

Pumzika, mke wangu. Siwezi kukuahidi kwamba mgahawa utadumu, maana sijawahi kukudanganya. Naahidi hili: unga ukitushinda, tutafunga mlango kwa wote kwa siku moja, sisi tukiwa wa kwanza kulala njaa. Hatutawafungia mmoja mmoja huku wengine wakila.

Mume wako